Saoirse: jina la kike la Kiayalandi lenye maana ya uhuru (asili, matamshi na umaarufu wake)

#1 Mtambaa_Lugha

Wakuu, salaam. Kila mwigizaji Saoirse Ronan anapotajwa, mazungumzo ya sinema hukatika na ubishi wa jina lake huanza. Mmoja anasoma Sayosi, mwingine Saorize, wa tatu anashikilia kwamba ni jina la malkia wa kale. Tuliweke sawa hapa mara moja.

Maana yake ni uhuru. Siyo "aliye huru" wala "mpenda uhuru". Ni nomino yenyewe, ile ile inayoandikwa magazetini na kutamkwa kwenye hotuba za siasa za Ayalandi. Mzazi anayempa binti yake jina hili anafanya kile kile afanyacho Mswahili anayemwita mwanawe Uhuru.

Limeundwa hivi. Kuna kivumishi saor, yaani huru. Kikiongezwa -se mwishoni kinakuwa nomino dhahania. Sisi tunachukua huru na kuweka u- mbele, wao wanapachika nyuma. Katikati imeingia herufi i (saoir-se), nayo ina kazi yake, nitaieleza tukifika kwenye matamshi.

Neno saor lina pacha wake wa kinyume: daor. Katika sheria za kale za Ayalandi, zilizoandikwa kuanzia karne ya 7 na ya 8, watu walipangwa kwa daraja, na mstari mkubwa ulipita kati ya aliye saor na aliye daor. Saor ni mtu mwenye hadhi yake, mwenye haki ya kusimama mbele ya hakimu kwa jina lake mwenyewe. Daor ni asiye na hadhi hiyo, hadi chini kabisa kwa mtumwa. Kwa Kiswahili maneno yanayokaribia kabisa ni uungwana na utumwa, na wasomaji wa pwani wataliona hilo haraka. Nomino zake zimebaki mpaka leo: saoirse na daoirse, uhuru na utumwa. Zinapishana kwa herufi moja tu ya mwanzo, kwa sababu vipande so- na do- katika Kiayalandi cha kale vilimaanisha "-zuri" na "-baya".

Utumwa haukuwa jambo la vitabuni. Cumal, neno la mtumwa wa kike, lilifika kuwa kipimo cha thamani, kikihesabiwa kwa kawaida sawa na ng'ombe 3 wa maziwa. Neno la uhuru lilikua katika jamii iliyojua bei ya kukosa uhuru.

Kosa kubwa la watu ni umri. Neno ni la kale, jina ni changa. Hakuna mtakatifu wa Ayalandi aitwaye Saoirse, wala shujaa wa kike wa hekaya. Watoto walianza kupewa jina hili karne ya 20, baada ya taifa kupigania kujitawala. Anayelipanga pamoja na Niamh, Gráinne au Deirdre, majina ya hekaya kwelikweli, anachanganya makabati mawili.

#2 Chaneta

Shukrani mkuu. Sasa matamshi. Herufi 7, irabu 4, na watu wanasema silabi ni 2 tu. Inawezekanaje?

#3 Mtambaa_Lugha

Inawezekana kwa sababu irabu nyingi za Kiayalandi hazitamkwi zenyewe. Zipo kuiambia konsonanti ya jirani isomwe vipi.

Waayalandi wanagawa irabu makundi mawili. A, o, u ni pana. E, i ni nyembamba. Konsonanti inachukua tabia ya irabu iliyo ubavuni mwake, na tofauti hiyo inasikika zaidi kwenye S: ikiwa kando ya irabu pana inabaki s, ikiwa kando ya irabu nyembamba inakuwa sh. Ndiyo maana Sinéad huanza na sh (S imegusana na i) na Sorcha huanza na s (S imegusana na o). Jina Seán lina e ambayo haisikiki kabisa. Imewekwa pale ili S isomwe sh.

Tulichukue sasa Saoirse kipande kwa kipande.

S ya kwanza iko kando ya a, kwa hiyo ni s ya kawaida, nzito kidogo.

aoi ni sauti moja, i ndefu. Usijaribu kupita a, kisha o, kisha i. Soma "ii" basi.

r inagongwa kwa ulimi kama r yetu.

S ya pili iko kando ya e, kwa hiyo ni sh. Hapa ndipo ile i niliyoahidi inapofanya kazi. Kanuni ya tahajia yao inadai irabu za pande mbili za konsonanti ziwe za kundi moja, nyembamba kwa nyembamba, pana kwa pana. Mwisho kuna e nyembamba, hivyo kabla ya rs lazima iingizwe nyembamba nayo, ndiyo i.

e ya mwisho ni hafifu, iko kati ya a na e, haikazwi.

Jumla: Siir-sha. Mkazo uko silabi ya kwanza, na hapo Mswahili ana bahati. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kwenye neno la silabi mbili hiyo ndiyo ya kwanza.

Mdomo wetu unateleza penye r na sh. Tumezoea kutenganisha konsonanti kwa irabu, basi tunasema "Sirisha". Silabi zinakuwa tatu, mkazo unahamia "ri", na jina limeharibika. Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe: sema warsha. Hakuna anayesema "warisha". Sasa toa "wa", weka "sii". Siirsha. Rudia mara kumi umelipata.

#4 Zuhura_wa_Mkunguni

Mkuu umeeleza vizuri, lakini hiyo ni Siirsha ya Kiayalandi. Mtu akienda na hiyo peke yake atawasahihisha watu wasiokosea.

Saoirse Ronan mwenyewe halisemi hivyo. Alizaliwa Bronx, New York, tarehe 12 Aprili 1994, akalelewa Ayalandi tangu akiwa mdogo, na amekuwa akieleza kwenye mahojiano kwamba lake linaanza kwa irabu ile ya Kiingereza isiyopatikana kwetu, ile ya neno la Kiingereza bird (ndege mwenye mabawa). Kwa maandishi yetu inakaribia "Sersha". Mbali na hiyo utasikia "Sairsha", na wapo wanaosema "Sorsha". Wote hao ni watu wenye jina lao, siyo wageni waliolikosea.

Sababu ya tofauti ni kwamba wengi wa Waayalandi lugha yao ya nyumbani ni Kiingereza, na jina likiingia kinywa cha Kiingereza irabu inabadilika mbele ya r. Tena lahaja za Kiayalandi chenyewe hazisemi sauti moja. Irabu ao bila i, kama kwenye saor, kusini katika jimbo la Munster inatamkwa "ee", wakati Connacht na Ulster inaelekea "ii".

Kanuni ya kazi: kama hujakutana na mwenye jina, sema Siirsha. Ukikutana naye, muulize, kisha mfuate yeye. Na usilichanganye na Sorcha. Hilo lina maana ya mng'ao, ch yake ni ile kh ya "kheri", na kwa Kiayalandi watu huingiza irabu ndogo katikati likasikika kama "Sorakha".

#5 Fundi_Mbao_Tanga

Je, saor haina maana nyingine? Kwenye kamusi nimeona inahusu useremala.

#6 Mtambaa_Lugha

Ni kweli, na ni swali zuri. Saor likiwa nomino ni fundi. Saor adhmaid ni seremala, saor cloiche ni mwashi, na saoirseacht ni ufundi wa kazi hizo. Katika jamii ile ya madaraja, fundi stadi alihesabiwa kuwa na hadhi kwa ajili ya mikono yake.

Likiwa kivumishi, saor leo pia lina maana ya bei nafuu. Na daor? Ghali. Ukiingia dukani Ayalandi, maneno yale yale yaliyotenga mwungwana na mtumwa ndiyo yanayotenga bei rahisi na bei kali. Saor in aisce ni bure kabisa. Lá saoire, siku ya mapumziko, linatoka kwenye mzizi huo huo: siku ambayo mtu yuko huru na kazi.

Ila jina la mtoto halibebi maana hizo za sokoni. Nomino saoirse ni uhuru tu.

#7 Kale_na_Kumbukumbu

Niongeze historia, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini jina lichipuke karne ya 20 na lisichipuke mapema.

Usajili wa serikali wa vizazi vyote ulianza Ayalandi tarehe 1 Januari 1864, chini ya utawala wa Uingereza, na ulifanywa kwa Kiingereza. Makasisi nao waliandika vitabu vya ubatizo kwa Kilatini au Kiingereza. Kwa hiyo binti aliyeitwa Máire nyumbani aliandikwa Mary, Bríd akawa Bridget, Sorcha akageuzwa Sarah ingawa majina hayo mawili hayana undugu wowote, na Gobnait akaandikwa Abigail au hata Deborah. Mtu alikuwa na jina la jikoni na jina la karatasi.

Mwaka 1893 ilianzishwa Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kufufua lugha, Douglas Hyde na Eoin MacNeill wakiwa miongoni mwa waasisi. Watu wakaanza kurudisha majina yao kwenye tahajia ya Kiayalandi, wakianza na yao wenyewe kabla ya watoto. Kisha siasa zikapamba moto: tangazo la Jamhuri Aprili 1916, vita vya 1919 hadi 1921, mkataba wa Desemba 1921, na tarehe 6 Desemba 1922 ikazaliwa dola iliyoitwa Saorstát Éireann. Tazama silabi ya kwanza. Ni saor ile ile: Dola Huru ya Ayalandi. Jina hilo la dola lilidumu hadi katiba ya 1937. Kwa miaka 15 mzizi huu ulikuwa kwenye stempu za posta na nyaraka za serikali.

Saoirse lilipanda chombo cha baharini kabla ya kuzoeleka kwa watoto. Conor O'Brien alijengewa mashua ya matanga pale Baltimore, kaunti ya Cork, mwaka 1922, ya urefu wa futi 42, akaiita Saoirse. Aling'oa nanga Dún Laoghaire tarehe 20 Juni 1923, akazunguka dunia akipita Rasi ya Hornos, akarudi tarehe 20 Juni 1925, miaka miwili kamili. Mashua ile ilipeperusha bendera ya dola changa katika bandari ambazo hazijawahi kuiona. Watu wa pwani wanajua uzito wa jina la chombo. Halipachikwi hivi hivi.

Kwa watoto likaja polepole. Ni jina la familia zilizokuwa na msimamo, wapenzi wa lugha au wa siasa za jamhuri, kabla halijawa jina la kila mtu.

#8 Mama_Faraja_Nakuru

Kuna jambo linanitatiza. Kenya na Uganda tumejaa majina ya Kiayalandi. Maureen, Sheila, Noreen, Eileen, Kathleen kwa wasichana, Kevin na Brian kwa wavulana hawahesabiki. Mbona Saoirse halikuja nayo?

#9 Kale_na_Kumbukumbu

Dada, hapo umegusa kiini cha uzi wote.

Hayo uliyotaja yalisafiri yakiwa yameshavuliwa mavazi ya Kiayalandi. Maureen ni Máirín, yaani Máire mdogo. Noreen ni Nóirín, Nora mdogo. Kile kipande -ín ni cha udogo na mapenzi, kama sisi tunavyoweka ki-, na kwa kuwa kinatamkwa "iin", Waingereza walikiandika -een. Sheila ni Síle, ambalo nalo ni Cecilia la Kilatini lililozoea Ayalandi. Eileen ni Eibhlín, Kathleen ni Caitlín, Kevin ni Caoimhín. Yalipofika Nairobi na Kampala yalionekana ya Kiingereza, yakapokewa kama ya Kiingereza, na wengi wanaoyabeba hawajui asili yake.

Njia nyingine ilikuwa kanisa. Masista wa Loreto, wenye chimbuko lao Rathfarnham huko Dublin, walifika Nairobi mwaka 1921. Uganda kuna Mama Kevina. Alizaliwa Teresa Kearney huko Arklow, kaunti ya Wicklow, akafika Nsambya mwaka 1903. Jina lake la utawa lilikuwa Kevin, la mtakatifu wa Glendalough, na Waganda wakalitia a mwishoni likawa la kike.

Saoirse halikuwa na mlango hata mmoja kati ya hiyo miwili. Halina mtakatifu, kwa hiyo mmisionari asingelibeba. Na lilipokuja kupendwa, wazazi wa Ayalandi walikuwa wameshaacha desturi ya kuandika majina yao kwa Kiingereza. Síle alibanwa akawa Sheila. Saoirse hakuwahi kubanwa akawa "Seersha" kwenye daftari la kanisa. Limeingia duniani na tahajia yake kamili, na linamtaka msomaji ajifunze. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko hata maana. Linadai kusomwa kwa kanuni za lugha yake.

#10 Chaneta

Na kanisa lilikubalije kubatiza mtoto kwa neno la siasa?

#11 Kale_na_Kumbukumbu

Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina lingine, yeye aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Kwa hiyo haikuwa marufuku, ila ulipaswa kulisindikiza. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, imelegeza: jina lisiwe tu geni kwa fikra za Kikristo. Uhuru si geni kwa fikra hizo. Siyo sababu pekee ya kupanda kwake, lakini kizuizi kimoja kiliondoka.

#12 Hesabu_Safi

Nije kwenye umaarufu, kwa kuwa mitandaoni zinatupwa namba zisizo na kichwa.

Takwimu za Jamhuri ya Ayalandi hutolewa na CSO, ofisi ya taifa ya takwimu, na unaweza kutafuta jina mwaka kwa mwaka kuanzia 1964. Kuna mtego: jina lililopewa watoto chini ya 3 kwa mwaka halionyeshwi, ili familia isitambulike. Kwa hiyo ukiona sifuri miaka ya zamani, usiseme hakuna aliyeitwa hivyo. Huenda alikuwepo mmoja au wawili.

Mwenendo wa Saoirse ni huu: nadra sana mwanzoni mwa takwimu hizo, linapanda mwishoni mwa karne, na katika miaka ya 2010 linatulia ndani ya majina 20 ya juu ya wasichana. Yaani Ronan hakulizalisha. Alizaliwa likiwa tayari linapanda, na sifa yake ikalisukuma zaidi, hasa nje ya nchi.

Marekani orodha hutoka kwa mamlaka ya hifadhi ya jamii, ikirudi nyuma hadi 1880, na kizingiti chao ni watoto 5. Huko Saoirse liliingia kwenye majina 1,000 ya kwanza mwaka 2016. Ronan alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar kwa mara ya pili mapema mwaka huo huo, na runinga za Marekani zilikuwa zikimwomba afundishe kutamka jina lake.

Kosa la kawaida ni kulinganisha nafasi za nchi mbili. Ayalandi huzaliwa watoto takriban 55,000 kwa mwaka siku hizi, Marekani zaidi ya milioni 3.5. Kushika nafasi ya 1,000 Marekani kunahitaji wasichana takriban 250. Ayalandi wasichana 250 wanatosha kukuweka kwenye 20 za juu. Idadi ni ile ile, uzito tofauti kabisa: Dublin mwalimu anaweza kuwa na Saoirse wawili darasani, Texas huenda asikutane na hata mmoja maisha yake yote ya kazi.

Kingine, kila tahajia huhesabiwa peke yake. Jina lenye maandishi mawili, mfano Fiadh na Fia, linagawanyika. Saoirse halina shida hiyo sana kwa sababu karibu kila mtu anaandika moja.

Na kwa kuwa nimelitaja: Fiadh ndilo lililoshika nafasi ya kwanza kwa wasichana Ayalandi mwaka 2021. Linasomwa "Fia", dh haisikiki, na maana yake inahusu pori na wanyama wake, hasa paa. Nalo ni neno la kawaida lililogeuzwa jina, halina mtakatifu. Limebaki na tahajia ya kabla ya marekebisho ya lugha, maana leo kamusi inaandika fia.

#13 Mjadala_Huru

Hizo za Belfast zimo humo?

#14 Hesabu_Safi

Hapana. Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Ufalme wa Muungano na ina ofisi yake, NISRA. Jumlisha mwenyewe kama unataka kisiwa kizima.

#15 Zuhura_wa_Mkunguni

Tukiwa Kaskazini, kuna jambo ambalo tovuti za majina ya watoto hazilisemi, na mzazi anastahili kulijua.

Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na kampeni ya kudai kuachiliwa wafungwa wa upande wa jamhuri (wanaotaka Kaskazini itoke Uingereza na kuungana na Ayalandi), alama yake utepe wa kijani, na jina lake lilikuwa Saoirse. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998 ndiyo yaliyoweka utaratibu wa kuwaachilia wafungwa wa makundi yaliyositisha vita. Neno hilo hilo limechorwa kwenye kuta za mitaa huko. Kwa hiyo Derry au Belfast, jina hili linaweza kumwambia mtu familia yako inatoka upande gani hata kabla hujasema jina la ukoo. Dublin au Galway halina makali hayo, ni jina zuri la binti basi. Ni kama jina Uhuru lilivyosikika kabla ya bendera kupandishwa na linavyosikika leo. Neno moja, masikio tofauti.

#16 Mama_Faraja_Nakuru

Na dada zake Saoirse katika lugha nyingine? Sisi tuna Uhuru, ingawa wengi tunalijua kwa wanaume. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla ya bendera.

#17 Mtambaa_Lugha

Wagiriki wana Eleftheria, jina la kike la kawaida kabisa, na maana ni uhuru. Wanaozungumza Kihispania wana Libertad. Mwigizaji wa Argentina Libertad Lamarque, aliyezaliwa 1908, alipewa na baba aliyekuwa mfuasi wa siasa za kupinga dola. Waajemi wana Azadeh, aliye huru. Na Kiswahili kimetoa la kike kwa njia ya mbali: Luteni Uhura wa tamthilia ya Marekani ya 1966 jina lake limetokana na uhuru, a ikachukua nafasi ya u ili lilegee.

Mara nyingi lugha ambazo nomino zake zina jinsia hufanya uhuru kuwa wa kike. Saoirse kwa sarufi ni nomino ya kike, eleftheria na libertad vivyo hivyo. Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo, ndiyo maana Uhuru halikuvutwa upande wa wasichana.

#18 Chaneta

Tumalizie na mambo ya makaratasi. Mswahili anayeishi Ayalandi akitaka kumpa bintiye jina hili, aangalie nini?

#19 Zuhura_wa_Mkunguni

Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi 3. Kabla ya kutia sahihi, soma herufi moja moja kwa kidole: S-A-O-I-R-S-E. Kosa linalojirudia kuliko yote ni Saorise, i ikirukia upande wa pili wa r. Linatokea kwa sababu jicho la msomaji wa Kiingereza halijazoea "oirs" na mkono unaandika kinachoonekana kawaida. La pili ni Saiorse. Ukishikilia vipande sao-ir-se akilini hutakosea. Nyumbani Tanzania au Kenya tazama hasa tiketi ya ndege na pasi ya kusafiria zifanane, maana herufi mbili zilizobadilishana nafasi zinatosha kukusimamisha dirishani.

Faida yake kubwa ni kwamba halina fada, ile alama ya mkwaju juu ya irabu. Sinéad, Róisín na Gráinne zinapata taabu kwenye mifumo ya kompyuta isiyopokea alama hizo. Ama zinafutwa, ama zinatoka vibambo visivyosomeka. Na fada si pambo: Seán ni jina, sean bila fada ni neno la "-zee". Saoirse linapita kwenye fomu yoyote duniani bila kupoteza kitu.

Jina la ukoo la Kiayalandi likifuata, ndilo linalobadilika kwa binti: Ó Murchú linakuwa Ní Mhurchú, Mac Cárthaigh linakuwa Nic Cárthaigh. Saoirse linabaki lilivyo. Jina la ukoo la Kiswahili haliguswi.

#20 Fundi_Mbao_Tanga

Nimesikia video moja ya shule ya Kiayalandi, mwalimu anaita "a Hiirsha" na mtoto anaitika. Huyo ni mwingine?

#21 Mtambaa_Lugha

Ndiye huyo huyo, mkuu. Kiayalandi kina umbo la kumwita mtu. Unatanguliza a, kisha konsonanti ya kwanza ya jina inalainishwa. S mbele ya irabu inakuwa sh kwa maandishi, na hiyo sh kwao inasomwa h. Kwa hiyo Saoirse akiitwa anakuwa a Shaoirse, "a Hiirsha", na Siobhán anakuwa a Shiobhán, "a Hivaan". Ukimtaja kwa mtu mwingine, yeye hayupo, unarudi kwenye Siirsha. Ukisema kitu ni chake, herufi inalainika tena: teach Shaoirse, nyumba ya Saoirse, "chakh Hiirsha".